Klorini ya Bwawani na Klorini ya Maabara ni Mmenyuko Mmoja

Katika maabara ya shule ya sekondari, klorini hutengenezwa kwa njia ambayo haijabadilika sana tangu mkemia wa Uswidi, Carl Wilhelm Scheele, alipoipata kwa mara ya kwanza mwaka 1774. Unga mweusi wa manganizi dayoksaidi huwekwa ndani ya chupa, tindikali kali ya haidrokloriki hudondoshewa juu yake, chupa hupashwa moto, na gesi ya manjano inayoelekea kijani huanza kupita kwenye mrija. Mwanafunzi huandika sifa zake daftarini: ni nzito kuliko hewa, ina harufu inayokaba koo, huondoa rangi ya karatasi ya litimasi iliyoloweshwa. Hulijibu swali la klorini kwenye mtihani, hupata alama zake, na huenda asikutane tena na klorini hadi siku atakapoajiriwa hotelini, akabidhiwe funguo za chumba cha pampu, na kuonyeshwa ndoo nyeupe ya unga upande huu na madumu ya tindikali upande ule.

Hapo ndipo lilipo jambo ninalotaka kulifafanua. Kilichomo kwenye ndoo na kilichomo kwenye dumu, vikikutana pasipo maji mengi kati yao, hufanya kilekile kilichofanyika kwenye chupa ya maabara, tena bila kuhitaji moto. Ajali za gesi kwenye mabwawa ya kuogelea kwa kawaida hazitokani na sumu ngeni wala mtambo wa ajabu. Hutokana na mmenyuko wa kitabuni uliotokea mahali ambapo hakuna aliyeukusudia, mbele ya mtu ambaye mara nyingi aliwahi kuusoma lakini hakuutambua ulipomfuata kazini.

Ili kuelewa kwa nini vitu viwili vinavyochukiana kiasi hiki vinawekwa katika chumba kimoja, ni lazima kwanza tujue klorini inafanya kazi gani majini. Watu husema bwawa limetiwa klorini, lakini katika mabwawa mengi ya hoteli, shule na nyumba binafsi hakuna gesi inayotiwa. Kinachotiwa ni unga wa kalsiamu haipokloraiti, au maji ya sodiamu haipokloraiti, ambayo ni ndugu mkubwa wa jiki tunayofulia nyumbani, au vidonge vinavyoyeyuka polepole. Vyote hivyo vikiingia majini huzaa asidi ya haipoklorasi, na hiyo ndiyo inayoua vijidudu. Sehemu nyingine hugeuka kuwa ayoni ya haipokloraiti, ambayo huua vijidudu pia, ila kwa uvivu sana. Mgawanyo kati ya hizo mbili huamuliwa na pH ya maji, yaani kipimo cha uasidi au ualkali wake. Kwenye pH 7.5 zinakaribia kuwa nusu kwa nusu. pH ikipanda hadi 8, asidi ile yenye nguvu hubaki karibu robo tu, na bwawa linaweza kuwa na klorini ya kutosha kwa mujibu wa kipimo huku vijidudu vikiendelea kuishi.

Unga wa kalsiamu haipokloraiti, na vilevile ile ya maji, ni alkali. Kila unapotiwa, pH hupanda kidogo, na mtunza bwawa hulazimika kuishusha ibaki kati ya 7.2 na 7.8. Anaishusha kwa tindikali ya haidrokloriki, au kwa unga wa sodiamu baisalfeti. Kwa hiyo tindikali haikuletwa kwenye chumba cha pampu kwa uzembe wa mtu. Imeletwa kwa sababu klorini yenyewe inaihitaji ili ifanye kazi. Vitu hivi viwili vinapaswa kukutana, lakini mahali pa kukutania ni ndani ya bwawa, kila kimoja kikiwa kimekwisha kuzimuliwa na maelfu ya lita za maji, na kwa nyakati tofauti.

Ukitazama kwa makini utaona kwamba tunazungumzia ngazi moja yenye vipandio vitatu. Juu kabisa, upande wa alkali, ipo ayoni ya haipokloraiti. Katikati ipo asidi ya haipoklorasi. Chini, upande wa tindikali kali, ipo gesi ya klorini. Kinachoshusha kitu kutoka kipandio kimoja hadi kingine ni tindikali. Mtunza bwawa anayetia tindikali kidogo kwenye maji mengi anakishusha kutoka kipandio cha juu hadi cha katikati, na hilo ndilo analolitaka. Anayemimina tindikali kwenye ndoo iliyobaki unga chini yake anakishusha hadi chini kwa mkupuo mmoja. Kemikali ni zilezile na mwelekeo ni uleule. Kilichotofautiana ni wingi wa maji.

Namba iliyoandikwa kwenye ndoo yenyewe inalisema jambo hili, ingawa wachache huisoma hivyo. Ndoo nyingi za kalsiamu haipokloraiti huandikwa asilimia 65 au 70 ya klorini. Asilimia hiyo haihesabu elementi ya klorini iliyomo ndani ya unga kama mwanafunzi anavyohesabu uzito wa molekuli. Inaeleza ni gramu ngapi za gesi ya klorini zitakazotoka endapo gramu 100 za unga huo zitamenyuka kikamilifu na tindikali ya haidrokloriki. Kipimo cha ubora wa bidhaa, basi, ni kiasi cha gesi inachoweza kutoa ikikosewa.

Tufanye hesabu. Bwawa la urefu wa mita 10, upana wa mita 5 na kina cha wastani cha mita 1.5 lina maji ya lita 75,000. Kuongeza klorini yake kwa miligramu 2 katika kila lita kunahitaji gramu 150 za klorini, yaani takriban gramu 230 za unga wa asilimia 65, kiasi kinachoingia kwenye kopo dogo la plastiki. Katika bwawa, gramu hizo hazimdhuru muogeleaji. Sasa tuchukue kopo hilohilo, likutane na tindikali ya kutosha ndani ya chumba cha pampu chenye urefu na upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.5. Gramu 150 za gesi ya klorini zina ujazo wa karibu lita 50. Zikienea chumba kizima, hewa itakuwa na zaidi ya sehemu 2,000 za klorini katika kila sehemu milioni. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inakitaja kiwango cha sehemu 10 katika milioni kuwa ni hatari ya papo hapo kwa uhai na afya. Hata kijiko kimoja cha mezani cha unga, gramu 15 hivi, kingefikisha chumba hicho kwenye sehemu 150 katika milioni. Na hesabu hii inamhurumia mtu, kwa maana inachukulia kwamba gesi imesambaa sawasawa, ilhali aliyeinama juu ya ndoo huivuta kabla haijasambaa popote.

Ndiyo maana mabaki yanatisha kuliko mizigo. Mtu makini hawezi kumimina dumu la tindikali kwenye ndoo iliyojaa klorini, kwa kuwa macho yake yanaiona. Lakini kopo la kupimia lenye vumbi jeupe kwenye kona zake, ambalo asubuhi lilichota unga na mchana linapimia tindikali. Sakafu iliyofagiwa nusunusu. Ndoo tupu ya klorini iliyogeuzwa kuwa ndoo ya kazi nyingine, hivi havimshtui mtu. Nyumbani hali ni ileile kwa kipimo kidogo. Dawa nyingi za majimaji za kusafishia choo zina tindikali ya haidrokloriki, na anayemwaga jiki juu yake akitarajia choo king'ae maradufu anatengeneza klorini kwenye chumba kidogo kuliko vyote ndani ya nyumba, mara nyingi mlango ukiwa umefungwa.

Kuna mtego mwingine ambao somo la shule haliugusi kabisa. Vidonge vyeupe vya trikloro, ambavyo hutiwa kwenye kikapu kinachoelea au kwenye chombo maalumu cha kuyeyushia, navyo huitwa klorini, na hukaa rafu moja na unga wa kalsiamu haipokloraiti kana kwamba ni kitu kimoja katika maumbo mawili. Si kitu kimoja. Trikloro ikilowa hutoa maji yenye asidi, kalsiamu haipokloraiti ni alkali, na vyote viwili ni vioksidishaji vyenye nguvu, yaani vitu vinavyochochea vingine kuwaka. Vikichanganyika huku vimepata unyevu kidogo tu, hutoa joto kali, gesi ya klorini, na kiwanja kinachoitwa naitrojeni trikloraidi ambacho hulipuka. Kijiko kilichochota hiki kisichote kile, hata kama kimefutwa kwa kitambaa. Chombo kilichoyeyushia vidonge kisitiwe unga siku vidonge vilipokwisha dukani. Sisemi haya kwa kupenda kutisha watu. Nayasema kwa sababu jina moja, klorini, limefunika vitu viwili vinavyopaswa kutenganishwa kwa kabati.

Unyevu kidogo ni neno la kulizingatia. Tumezoea kwamba maji huzima na kusafisha, na kwa kemikali hizi maji mengi ni salama kweli, lakini maji machache juu ya rundo la kemikali ni jambo jingine. Tarehe 29 Septemba 2024, katika mji wa Conyers, jimbo la Georgia nchini Marekani, maji, ambayo taarifa za awali zilisema ni ya mfumo wa kuzimia moto, yaliangukia shehena ya kemikali za mabwawa katika kiwanda kimoja. Moto uliwaka, wingu lenye harufu ya klorini likapanda juu ya mji, watu wapatao 17,000 wakaambiwa waondoke na wengine karibu 90,000 wakaambiwa wajifungie majumbani. Kwa mtunza bwawa, tukio hilo linaingia ndani ya ndoo moja. Unga hutiwa kwenye ndoo iliyokwisha kujazwa maji, ukikorogwa kidogo kidogo. Maji hayamiminwi kamwe juu ya unga. Kanuni hii aliifundishwa maabara kwa jina jingine: tindikali hutiwa kwenye maji, maji hayatiwi kwenye tindikali. Sababu ni ileile, joto. Tindikali kali ya salfuriki ina uzito wa gramu 1.84 kwa kila mililita, hivyo maji yakimiminwa juu yake huelea, huchemka palepale yanapogusana nayo, na kurusha matone ya tindikali usoni mwa aliyeshika chupa. Ukiigeuza safari, tindikali huzama ndani ya maji mengi na joto lake humezwa.

Katika mabwawa yenye mitambo ya kutia dawa yenyewe, hatari huja kwa njia ya umeme, na sisi wa nchi ambazo umeme hukatika bila taarifa tunapaswa kuisikia vizuri. Pampu kubwa huzungusha maji, na pampu ndogo mbili huingiza klorini ya maji na tindikali kwenye bomba hilohilo, kila moja mahali pake. Maji yakiwa yanakwenda, dawa huzimuliwa mara tu zinapoingia. Pampu kubwa ikisimama na zile ndogo zikaendelea, klorini na tindikali hurundikana ndani ya bomba lililotulia na kuanza kumenyuka. Umeme unaporudi na pampu kubwa ikawashwa, gesi yote hiyo husukumwa bwawani kwa pigo moja, na hutokea kwenye matundu ya kuingizia maji, walipo watoto. Mitambo iliyofungwa vizuri huwa na swichi inayozizima pampu ndogo maji yasipotembea. Swichi hiyo inafaa kujaribiwa mara kwa mara, kwani kuwepo kwake kwenye ukuta hakuthibitishi kwamba inafanya kazi. Na pampu isiwashwe upya kabla waogeleaji wote hawajatoka majini.

Niiguse harufu, kwa kuwa inawapotosha wengi. Harufu kali inayowasha macho kwenye bwawa hudhaniwa kuwa ni ya klorini nyingi, na wapo wanaoifurahia wakiiona kuwa ni dalili ya usafi. Kwa kawaida ni harufu ya kloramini, vitu vinavyozaliwa klorini inapokutana na jasho na mkojo wa waogeleaji. Bwawa linalonuka sana mara nyingi linahitaji waogaji wanaojimwagia maji na sabuni kabla ya kuingia, pamoja na klorini zaidi, si pungufu. Harufu ya gesi ya klorini ndani ya chumba cha pampu ni habari nyingine kabisa. Hiyo haina tafsiri mbili.

Turudi maabara, ambako mmenyuko huu nao huibuka bila kualikwa. Bureti, mirija ya kioo ya kupimia vimiminika, zilizotumika kwa potasiamu pamanganeti hubaki na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa sabuni. Madoa hayo ni manganizi dayoksaidi, unga uleule wa Scheele, na fundi sanifu wa maabara anajua kwamba tindikali kali ya haidrokloriki huyaondoa kwa dakika moja. Huyaondoa kwa kutoa klorini. Bureti moja kwenye sinki lililo karibu na dirisha huenda isimdhuru mtu. Bureti 40 zilizolowekwa pamoja baada ya mtihani wa vitendo, kwenye stoo isiyo na dirisha, ni suala jingine. Kama bado zina pamanganeti yenyewe ndani, gesi huwa nyingi zaidi, kwa kuwa pamanganeti na tindikali hiyo hutoa klorini bila hata kupashwa moto. Asidi ya oksaliki pamoja na tindikali nyepesi ya salfuriki huyatoa madoa hayohayo bila gesi yenye sumu, na shule nyingi tayari zinayo kabatini kwa ajili ya majaribio ya kupima ujazo.

Stoo ya maabara ndiyo mahali ninapopahofia kuliko meza ya jaribio. Kemikali zikipangwa kwa herufi, ambavyo ndivyo mtu nadhifu angezipanga, potasiamu pamanganeti hukaa bega kwa bega na propanoni, kioksidishaji kikali jirani ya kimiminika kinachoshika moto kwa cheche. Unadhifu wa herufi ni mzuri kwa vitabu. Kemikali hupangwa kwa tabia zake: vioksidishaji peke yake, vinavyowaka peke yake, tindikali chini karibu na sakafu ndani ya sinia ya plastiki, alkali mbali nazo. Chupa zisizo na lebo, na hasa chupa za maji ya kunywa na za soda zilizojazwa kemikali kwa kukosa chombo, hazipaswi kuwemo kabisa, iwe shuleni au bwawani. Mtoto mwenye kiu haulizi.

Na jaribio linaloonekana la upole kuliko yote lina gesi yake. Wanafunzi huchanganya sodiamu thiosalfeti na tindikali nyepesi juu ya karatasi yenye alama ya X, wakihesabu sekunde hadi alama ipotee kwenye ukungu wa salfa. Kinachotoka pamoja na salfa ni salfa dayoksaidi, gesi inayobana kifua cha mwenye pumu. Mwanafunzi mmoja akirudia jaribio hilo mara nne hatoi gesi nyingi. Wanafunzi 50 katika chumba kimoja, madirisha yakiwa yamefungwa, wanatoa ya kutosha. Madirisha yafunguliwe, mchanganyiko umwagwe mara tu kipimo kinapokamilika badala ya kuachwa mezani, na mwalimu awe amewauliza mapema ni nani mwenye pumu. Pipeti isinyonywe kwa mdomo, hata kama kifyonzio cha mpira ni kimoja na foleni ni ndefu.

Tanzania inayo Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na alama za kimataifa za hatari, zile zenye umbo la almasi na mpaka mwekundu, zimekwisha kuenea kwenye ndoo na chupa. Ugumu uliobaki ni wa lugha. Kemia ya sekondari nchini Tanzania hufundishwa kwa Kiingereza, maelekezo kwenye ndoo nyingi yameandikwa kwa Kiingereza, na kazi yenyewe hufanywa na kuelekezwa kwa Kiswahili. Mtu anaweza kuwa alikariri sifa zote za klorini bila kujua kwamba zinahusu ndoo aliyoishika. Alama moja inastahili kufundishwa kwa kila mtunza bwawa kabla ya nyingine zote: mwali wa moto juu ya duara. Wengi huitafsiri kuwa kitu hicho kinawaka. Maana yake ni kioksidishaji, kitu ambacho chenyewe huenda kisiwake lakini hukiwasha na kukichochea kingine, iwe mafuta, karatasi, vumbi la mbao au kitambaa kichafu kilichosahauliwa juu ya kifuniko.

Gesi ikishatoka, kazi ya kwanza ni kuondoka. Ndoo haiokolewi, na maji hayamwagwi juu yake. Tumefundishwa kwamba kwenye moshi mtu hutambaa akiwa chini, na mafunzo hayo ni sahihi kwa moto wa nyumba, lakini klorini ina uzito wa karibu mara mbili na nusu wa hewa na hutuama sakafuni. Ndivyo ilivyojaa kwenye mahandaki ya askari huko Ypres, Ubelgiji, ilipotumiwa kama silaha katika Vita vya Kwanza vya Dunia tarehe 22 Aprili 1915. Basi mtu atoke akiwa amesimama, aelekee upande upepo unakotoka, na apande palipoinuka. Asirudi kumfuata mwenzake bila vifaa vya kupumulia, hata kama moyo unamsukuma. Anayerudi hivyo huongeza idadi ya wa kuokolewa. Macho na ngozi vioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, nguo zilizolowa zivuliwe, na kisitiwe kitu kingine chochote kwa nia ya kuua makali ya tindikali au klorini.

Aliyeivuta gesi anaweza kukohoa, kunywa maji, kuketi kivulini na kusema amepona. Asirudishwe kazini wala asiende kulala peke yake, kwa sababu mapafu yaliyochomwa na klorini yanaweza kuanza kujaa maji saa kadhaa baadaye, usiku, wakati wenzake wamekwisha kuondoka. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na anayempeleka ambebee daktari picha ya lebo za vyombo vyote viwili, kile cha klorini na kile cha tindikali, pamoja na saa ambayo gesi ilitoka.